Kozi ya uungwana michezoni kwa makocha wa vijana: ina thamani kubwa, ila sehemu ya pointi iandikwe upya

Kozi ninayoitathmini hapa ni ya mtandaoni na imeandaliwa kwa ajili ya makocha wanaofundisha wachezaji wa umri wa miaka 10 hadi 16. Lengo lake ni kumsaidia kocha kuwalea vijana wanaomheshimu mpinzani na kumtendea wema bila kupunguza hata chembe ya hamu yao ya kushinda. Ina sehemu sita za video, kijitabu cha mazoezi ya uwanjani, fomu za kocha kujitathmini na mtihani wa mwisho. Nimeimaliza yote, na mazoezi yake nimeyatumia na kikosi cha soka cha vijana ninachokifundisha kwa muda wa kutosha kuona kipi kinashika na kipi kinapita juujuu. Naipendekeza kwa kocha yeyote wa vijana, awe wa soka, mpira wa kikapu, riadha au judo, isipokuwa sehemu moja ambayo naamini inabomoa kile ambacho sehemu nyingine zimekijenga kwa uangalifu.

Jina la waandaaji nimeliacha kwa makusudi. Kasoro nitakazozieleza nimezikuta pia katika mafunzo mengine ya aina hii, na ningependa msomaji apate vigezo vya kupimia kozi yoyote atakayoletewa na klabu au shirikisho lake.

Kilichonivutia tangu mwanzo ni kwamba kozi haianzi na kupeana mikono. Mafunzo mengi ya uungwana hukomea hapo: wachezaji wajipange, wasalimiane, manahodha wabadilishane vibendera, kisha filimbi ipulizwe na kila mtu aendelee kama alivyozoea. Kupeana mikono ni jambo jema na sitaki liachwe, lakini halimgharimu mtu chochote, na mtoto hutambua mapema sana kwamba huo ni utaratibu unaokamilishwa ili mchezo uanze. Waandaaji wameanzia mahali pengine kabisa, yaani pale ambapo mchezaji ana faida mkononi, hakuna sheria inayomzuia kuitumia, na anapaswa kuamua mwenyewe kama ataichukua.

Mfano wao wa kwanza ni Eugenio Monti, Mwitaliano aliyekuwa dereva wa sleji za kuteleza barafuni, katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi iliyofanyika Innsbruck mwaka 1964. Sleji ya Waingereza Tony Nash na Robin Dixon ilivunjika bolti wakati mashindano ya watu wawili yakiendelea, nao hawakuwa na nyingine. Monti, aliyekuwa akiwania medali ileile, aliitoa bolti ya sleji yake akawapa. Waingereza walitwaa dhahabu, Monti akaambulia shaba. Alipolaumiwa na watu wa kwao, alijibu kwamba Nash hakushinda kwa sababu ya bolti, alishinda kwa sababu alikuwa na kasi zaidi. Baadaye Monti akawa mwanamichezo wa kwanza kupewa tuzo ya uungwana yenye jina la Pierre de Coubertin, mwanzilishi wa Olimpiki za kisasa.

Kisa hiki kinajulikana, na kozi dhaifu ingekisimulia kisha ikaendelea mbele. Hapa video inasimama kabla ya bolti kufunguliwa. Kocha anatakiwa aandike kwa maneno yake angemshauri nini Monti kama angekuwa amesimama kando yake, na kwa nini, ndipo video iendelee. Hakuna alama zinazotolewa kwa jibu, na hakuna sauti inayomwambia kwamba amejibu vizuri. Nimeona makocha wenzangu waliochukua kozi hii wakibishana kuhusu zoezi hilo hata baada ya kulimaliza, mmoja akishikilia kwamba kazi ya kocha ni kulinda nafasi ya mchezaji wake, mwingine akisema ushindi dhidi ya sleji mbovu haumwambii mtu kama yeye ndiye bora. Waandaaji wanastahili sifa pia kwa kuziweka dhahabu mbili ambazo Monti alizipata Grenoble mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 40, mwisho kabisa wa kozi. Wangeziweka mara tu baada ya kisa cha bolti, ingeonekana kwamba wema hulipwa kwa medali, na kijana anayefundishwa hivyo atauacha wema siku ambayo malipo hayatakuja.

Mfano wa pili umetolewa katika mbio za nyika za Burlada, Hispania, Desemba 2012. Abel Mutai wa Kenya, ambaye miezi michache kabla alikuwa ametwaa shaba ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya London, alikuwa akiongoza, akadhani amekwisha kuvuka mstari, akalegeza mwendo mita chache kabla ya kumaliza. Mhispania Iván Fernández Anaya, aliyekuwa wa pili, angeweza kumpita bila jasho. Alibaki nyuma yake, akamwonyesha kwa ishara kwamba mstari ulikuwa mbele zaidi, na Mutai akamaliza wa kwanza kama alivyostahili. Kozi inakisimulia kisa hiki vizuri, lakini imeacha kipande ambacho kwa kocha ndicho chenye somo kubwa kuliko vyote. Kocha wa Fernández Anaya wakati huo alikuwa Martín Fiz, bingwa wa dunia wa marathoni wa mwaka 1995, naye alisema waziwazi kwamba kitendo cha kijana wake kilikuwa cha uaminifu, ila yeye mwenyewe asingekifanya.

Kozi ya makocha inawezaje kukiacha kipande hicho? Hapo ndipo swali letu lilipo. Mchezaji aliamua jambo ambalo kocha wake asingeliamua, na kocha hakujificha nyuma ya maneno matamu, alisema alichoamini. Katika timu za vijana mgongano wa aina hiyo hutokea mara nyingi, na mara nyingi zaidi ni kocha anayemkemea mtoto kwa kumwambia mwamuzi ukweli. Ningependa toleo lijalo likae na Fiz kwa dakika kumi nzima, limtazame bila kumhukumu, na limuulize kila kocha: mchezaji wako akitenda wema ambao wewe ungeuona wa kijinga, utamwambia nini mkiwa ndani ya chumba cha kubadilishia nguo? Binafsi naamini Fernández Anaya alikuwa sahihi, na sababu yangu ni ya kimichezo kabisa, kwamba mbio zilikuwa zimekwisha kuamuliwa na miguu ya Mutai, na kilichobaki kilikuwa kutoelewa mahali mstari ulipo.

Thamani halisi ya kozi, hata hivyo, imo katika kijitabu cha mazoezi. Zoezi lake kuu ni mechi ya mazoezi isiyo na mwamuzi, ambamo aliyetenda kosa ndiye anayelitangaza na kusimamisha mchezo, naye aliyetendewa haruhusiwi kudai. Waandaaji wanaeleza kwamba wazo hilo wamelichota kutoka Ultimate, mchezo wa kurushiana kisahani ambao wachezaji wake hujisimamia wenyewe hata katika mashindano ya dunia, ingawa kule kwa kawaida anayetendewa faulo ndiye anayeita. Tofauti hiyo si ndogo. Mtoto akipewa haki ya kudai, atajifunza kudai kwa sauti, na baada ya muda kila mgusano utakuwa faulo. Akipewa jukumu la kujitangaza, atajifunza kujiangalia.

Mwanzoni zoezi hilo huonekana kama limeshindikana. Wachezaji hukanyagana, wote hunyamaza, na wale wanaojitangaza huona kwamba wanaadhibiwa kwa kusema kweli. Kijitabu kinamwonya kocha kuhusu hali hiyo na kumsihi asiingilie kati, jambo ambalo ni gumu kuliko linavyosikika. Katika mojawapo ya mechi zetu, winga wetu wa kulia, binti mwenye kasi ambaye huchukia kupoteza mpira kuliko mtu mwingine yeyote kikosini, aliugombea mpira na beki kwenye mstari wa pembeni, ukatoka. Beki alikuwa amegeuka, hakuona uliguswa na nani mwisho, na tayari alikuwa akirudi kujipanga akiamini kwamba mpira wa kurusha ni wa winga. Binti aliuokota, akaunyanyua juu ya kichwa, huku mshambuliaji mwenzake akiwa peke yake mbele ya goli na mkono wake uko juu. Akasita. Akaushusha, akaufuta vumbi kwa ukingo wa jezi yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akamwita beki kwa jina na kumrushia. Mshambuliaji alipiga bukta yake kwa viganja viwili kwa hasira, na kwa sehemu yote iliyobaki ya kipindi kile hakumpasia winga mpira hata mmoja.

Hapo kijitabu kina maagizo ambayo sikuyatarajia na ambayo sasa nayaona kuwa bora kuliko kitu kingine chochote katika kozi hii. Kocha hatakiwi kupiga makofi wala kumsifu winga mbele ya wenzake. Anatakiwa asubiri mazoezi yaishe, awaite wote wawili, aliyerudisha mpira na aliyekasirika, na kila mmoja aeleze alichokiona bila kukatizwa. Nilifanya hivyo. Mshambuliaji alisema kwamba hakuna aliyekuwa ameona, kwa hiyo mpira ulikuwa wao. Winga alijibu kwamba yeye alikuwa ameona. Sikuongeza neno, na kwa kweli hapakuwa na cha kuongeza. Kama ningemsifu hadharani, ningekuwa nimemlipa, na wiki iliyofuata ningekuwa na watoto kadhaa wanaorudisha mipira huku wakinitupia jicho.

Sehemu ya majeruhi ni nzuri kwa mifano lakini imepitwa na wakati kwa sheria. Mfano mkuu ni mechi ya Kombe la FA ya Februari 1999 kati ya Arsenal na Sheffield United. Mchezaji wa Sheffield aliumia, kipa wao akautoa mpira nje ili atibiwe, na Arsenal waliporusha kwa nia ya kuurudisha, Nwankwo Kanu, aliyekuwa akiichezea klabu hiyo kwa mara ya kwanza, aliukimbilia na kumpasia Marc Overmars, ambaye alifunga. Kisheria bao lilikuwa halali. Kocha wa Arsenal, Arsène Wenger, alijitolea mechi irudiwe, ombi likakubaliwa, na Arsenal wakashinda tena kwa mabao 2-1, matokeo yaleyale ya mwanzo. Mfano wa pili ni wa Aprili 2019, pale Leeds United walipofunga huku mchezaji wa Aston Villa akiwa amelala chini na wapinzani wakitarajia mpira utolewe nje. Baada ya vurugu uwanjani, kocha wa Leeds, Marcelo Bielsa, aliwaamuru wachezaji wake wawaache Villa wafunge, na mechi ikaisha kwa sare ya 1-1. Video inaonyesha kwa ukaribu kitu ambacho watu wengi wamekisahau: mmoja wa mabeki wa Leeds, Pontus Jansson, hakukubaliana na amri hiyo na alijaribu kumzuia mfungaji. Nimeitumia picha hiyo na vijana wangu mara nyingi, kwa sababu inawaonyesha kwamba uamuzi wa kiungwana unaweza kuipasua timu yenyewe, na kwamba kuna wakati kocha lazima aubebe uamuzi huo peke yake.

Kasoro ni kwamba vielelezo vya sehemu hii bado vinaonyesha mpira wa kudondoshwa, yaani ule ambao mwamuzi huudondosha ili mchezo uliosimamishwa uanze tena, ukigombewa na wachezaji wawili, kisha timu moja ikiurudisha kwa hisani. Tangu mabadiliko ya sheria za soka ya mwaka 2019, mwamuzi anapodondosha mpira humpa mchezaji mmoja tu wa timu moja (kwanza ilikuwa ile iliyougusa mwisho, na tangu 2025 ni ile iliyokuwa nao au ingeupata, kama hilo ni wazi kwa mwamuzi), au kipa kama mchezo ulisimamishwa ndani ya eneo la penalti, na wengine wote hukaa umbali wa mita 4 au zaidi. Sheria imechukua sehemu ya kazi iliyokuwa ikifanywa na uungwana, na kocha anapaswa kulijua hilo. Lakini haikuichukua yote, kwa kuwa timu inapoutoa mpira nje kwa hiari yake, wapinzani bado hupewa mpira wa kurusha, na hakuna kanuni inayowalazimisha kuurudisha. Waandaaji wangeeleza mpaka huo kati ya sheria na hiari, sehemu hii ingekuwa imara zaidi. Vilevile wamelikwepa swali ambalo kila mtoto huuliza, yaani wafanye nini ikiwa mpinzani anajifanya ameumia ili kuvunja shambulio. Mimi huwaambia kwamba mtu aliyeumia kichwa asimamishiwe mchezo bila mjadala, mengine yote waendelee kucheza mpaka filimbi ilie, na mwenye kutaka kuutoa mpira nje autoe bila kudai shukrani.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na hotuba nyingi za viwanjani huishia hapo, kwa aliyeshindwa. Sehemu ya nne ya kozi inamgeukia anayeshinda, hasa anayeshinda kwa mabao mengi, nayo ni mada inayostahili kuguswa kwa ujasiri. Kwa bahati mbaya ushauri uliotolewa ni mbaya. Kocha anaambiwa kwamba timu yake ikiongoza kwa mabao matano, awaamuru wachezaji waache kupiga mashuti na wapasiane tu mpaka muda uishe. Nimewahi kuiona timu ikifanyiwa hivyo. Wapinzani hutambua mara moja, hukimbizana na mpira ambao hawapewi nafasi ya kuunyang'anya, na watazamaji huanza kuhesabu pasi kwa sauti. Sijaona fedheha kubwa kuliko hiyo katika soka ya vijana. Kufungwa mabao saba na timu inayokuchezea kwa dhati kunauma, lakini angalau wamekuhesabu kuwa mshindani.

Kuna njia nyingine za wema ambazo hazimdhalilishi mtu. Kocha anaweza kuwaingiza wachezaji ambao hawajapata muda wa kutosha, akamhamishia beki kwenye ushambuliaji na mshambuliaji kwenye ulinzi ili kila mmoja apambane na kitu kigumu, akazuia ushangiliaji wa kejeli baada ya bao la nne na kuendelea, na akamwomba nahodha wake aukimbize mpira katikati ya uwanja baada ya kila bao ili wapinzani wasisubirishwe. Kila mchezaji aliye uwanjani acheze kwa nguvu zake zote. Kipa wa upande wa pili akiokoa shuti kali dakika ya mwisho, ajue ameokoa shuti la kweli.

Kwa sababu hiyohiyo sikubaliani na namna kozi inavyoitumia fainali ya kuruka juu ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika Agosti 2021. Msimuliaji anasema Mutaz Barshim wa Qatar na Gianmarco Tamberi wa Italia waliuweka urafiki mbele ya ushindani wakagawana dhahabu. Ukweli una uzito zaidi ya huo. Wote wawili walikuwa wameruka mita 2.37 bila kuangusha, kisha kila mmoja akajaribu mita 2.39 mara tatu na kushindwa. Walikuwa wamekwisha kupewa kila nafasi ya kumshinda mwenzake na wameitumia yote. Ndipo Barshim akamuuliza afisa kama wanaweza kupata dhahabu mbili badala ya kuendelea kuruka mpaka mmoja ashindwe. Urafiki wao haukuchukua nafasi ya ushindani, ulikuja baada ya ushindani kumalizika, na kijana asiyeelezwa hilo ataondoka akidhani kwamba wema ni kulegea.

Nafika sasa kwenye sehemu ya tano, ile ninayoipinga. Inamshauri kocha aanzishe jedwali la pointi za uungwana: pointi moja kwa kumnyanyua mpinzani aliyeanguka, pointi mbili kwa kukiri kosa, kuondolewa pointi kwa kadi ya njano, na mwisho wa msimu kombe kwa mwenye jumla kubwa. Kwa macho ya haraka inapendeza, na naelewa kwa nini viongozi wa klabu huipenda, maana inatoa takwimu za kuweka kwenye ripoti. Uwanjani mambo huenda kinyume. Wachezaji wawili wa kikosi kimoja niliokuwa nikikitazama walifikia kukimbizana kumwinua mpinzani ambaye hakuwa hata ameumia, kila mmoja akimtazama kocha wake aliyeshika kalamu. Aliyeanguka akawa chombo cha kuchumia pointi.

Ushahidi wa hatari hiyo upo katika ngazi ya juu kabisa ya soka, na kozi haiutaji. Kwenye Kombe la Dunia la mwaka 2018 nchini Urusi, Japani na Senegal zilimaliza hatua ya makundi zikiwa na pointi 4 kila moja, mabao 4 ya kufunga na 4 ya kufungwa, na zilikuwa zimetoka sare ya 2-2 zilipokutana. Kigezo kilichofuata kilikuwa nidhamu: Japani ilikuwa na kadi 4 za njano, Senegal 6. Katika dakika za mwisho za mechi yao dhidi ya Poland, Wajapani, ingawa walikuwa nyuma kwa bao 1-0, walipasiana mpira polepole katika eneo lao wenyewe, kwa sababu kushambulia kungewaweka katika hatari ya kufungwa tena au kupata kadi, huku uwanja mzima ukizomea. Walifuzu, na hawakuvunja kanuni yoyote. Siwalaumu wachezaji wale hata kidogo. Nasema tu kwamba kanuni iliyobuniwa kuenzi uungwana ilizaa dakika ambazo hakuna aliyezifurahia, kwa kuwa kadi zinahesabu makosa aliyoyaona mwamuzi na haziwezi kuhesabu namna mtu alivyomchukulia mpinzani wake.

Ikiwa lazima pawe na alama, mfano bora uko katika mchezo uleule wa kisahani ambao kozi imekwisha kuutumia. Baada ya kila mechi ya Ultimate, timu hukaa na kuipa timu pinzani alama kuanzia 0 hadi 4 katika maeneo matano: kuzijua na kuzitumia sheria, faulo na kugusana kimwili, kutenda haki, mtazamo chanya na kujidhibiti, na mawasiliano. Anayetoa hukumu ni yule aliyetendewa, na kabla ya kuitoa analazimika kuizungumza na wenzake. Kijitabu cha kozi kina zoezi dogo linalokaribia hilo, limefichwa kwenye kurasa za mwisho: nahodha wa kila timu humtaja mchezaji mmoja wa upande wa pili aliyempa shida, na kueleza kwa sentensi moja ni kwa nini. Tulipolianza, nahodha wetu alisema tu kwamba namba nane alikuwa mzuri. Siku nyingine alisema namba nane alikuwa akitazama begani kabla hajapokea mpira, ndiyo maana hawakuweza kumnyang'anya. Namba nane yule alitabasamu mpaka masikioni, na wachezaji wetu wawili wakaanza kutazama begani. Ili kumsifu mpinzani kwa namna hiyo ni lazima uwe umemtazama akicheza kwa makini, na hiyo ni heshima ambayo pointi haziwezi kuinunua.

Sehemu ya wazazi na mashabiki nitaipita haraka, kwa sababu na kozi yenyewe imeipita haraka. Ni barua ya mfano ya kuwapa wazazi na orodha ya mambo wasiyopaswa kuyapigia kelele. Mzazi anayemzomea kipa wa umri wa miaka 12 hatabadilishwa na barua. Afadhali klabu imwombe awe mshika kibendera siku moja.

Fomu ya kocha kujirekodi ni kitu tofauti kabisa, nayo naipa alama za juu. Kocha anabeba kinasa sauti katika mechi nzima, kisha anasikiliza na kuandika kila neno alilolisema kuhusu timu pinzani. Fomu inayagawa maneno hayo katika yale yanayomtaja mpinzani kama mchezaji, kwa mfano "mfunge mguu wa kushoto, ndio anaoutegemea", na yale yanayomdogosha, kwa mfano "huyo hana kitu, mpite". Tofauti ni kubwa kwa masikio ya mtoto aliyesimama mita tano kutoka benchi, na mtoto huyo mara nyingi ni wa timu nyingine.

Kiufundi kozi haina matatizo makubwa. Video hupakuliwa na kutazamwa bila intaneti, sauti iko safi, na lugha ni nyepesi isipokuwa katika fomu chache zenye istilahi nzito za saikolojia. Mifano ya wanawake ni michache mno, ingawa kile cha Nikki Hamblin wa New Zealand na Abbey D'Agostino wa Marekani, waliojikwaa pamoja katika mchujo wa mita 5,000 huko Rio mwaka 2016 wakasaidiana kusimama na kumaliza, kimeelezwa kwa ukamilifu, pamoja na goti la D'Agostino lililoharibika kiasi kwamba hakuweza kukimbia fainali ambayo wote wawili walikuwa wamepewa nafasi. Mtihani wa mwisho ni wa kuchagua jibu sahihi, na hauna maana yoyote. Mtu ambaye hajatazama video hata moja ataufaulu kwa kuchagua kila mara jibu lenye upole zaidi, hivyo cheti kinachotolewa hakithibitishi lolote kuhusu kocha.

Kwa kocha anayepanga kuichukua, ushauri wangu ni aanze na kijitabu kabla ya video, afanye mechi isiyo na mwamuzi mara kwa mara tangu mwanzo wa msimu, wakati ambapo matokeo hayajawa na uzito, na aiache kabisa sehemu ya tano mpaka itakapobadilishwa. Klabu zinazonunua kozi kwa ajili ya makocha wengi ziwape nafasi ya kukaa pamoja baada ya sehemu ya kwanza, kwa kuwa mabishano kuhusu bolti ya Monti yana faida kuliko mtihani wote. Waandaaji nimewaandikia kuhusu jedwali la pointi, ushauri wa mabao matano na mpira wa kudondoshwa. Wakivirekebisha vitatu hivyo, nitaipendekeza kozi hii bila sharti lolote.